Simu Tunazo, Habari Zetu Ziko Wapi?

(Haya ni mazungumzo ya mwalimu mmoja wa shule ya sekondari wilayani Kilwa, aliyoyatoa mbele ya wanachama, wazazi na vijana huko Kilwa Masoko. Tunayachapa kwa kuwa wasomaji wengi wa kusini wametuomba.)



Katibu wa tawi ameniomba niseme juu ya mitambo hii mipya na elimu ya watoto wetu. Jambo lenyewe lina maneno mengi hapa mjini. Wazee wanasema simu zimewaharibu watoto: mtoto akitumwa dukani haendi, akiitwa haitiki, macho yake yamo katika kioo. Vijana nao wanasema shule isiyo na kompyuta si shule, ni banda. Nimewasikiliza wote, na naona wote wanagombania chombo. Mimi leo nataka kusema juu ya shehena. Sisi ni watu wa bandari. Jahazi lilipotia nanga Kivinje, mtu aliyekwenda pwani hakuuliza mbao zake zimetoka mti gani. Aliuliza limepakia nini, mali ni ya nani, na litaondoka na nini.

Wala mambo ya habari si mageni katika nchi yetu hii ya Kilwa. Tazameni zile sarafu za shaba za Kisiwani. Masultani wa Kilwa walizipiga wao wenyewe. Upande mmoja yameandikwa maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, upande wa pili jina la Sultani, na maneno hayo yamepangwa kwa vina, upande huu ukaitikia upande ule. Sarafu yenyewe ni ndogo kama ukucha, lakini ilikuwa gazeti: kila aliyeishika alijua nani anatawala na dini yake ni ipi. Sarafu moja ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyejenga Husuni Kubwa katika karne ya 14, imeokotwa Zimbabwe Kuu. Nyingine tano ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia, na mwanajeshi aliyekuwa kazini kwenye mtambo wa rada. Wataalamu wanabishana mpaka leo zilifikaje huko. Mimi nastaajabu zaidi kwamba mtu mwenye mtambo mpya kuliko yote wa wakati ule aliinama mchangani akaokota habari ya Kilwa.

Kadhalika mji huu uliandika historia yake. Katika karne ya 16, baada ya Wareno kuuvamia mwaka 1505, mtu mmoja wa hapa alikaa akaandika kwa Kiarabu kitabu cha habari za watawala wa Kilwa. Nakala iliyosalia Sultan Barghash wa Unguja alimpa John Kirk, balozi wa Uingereza, naye akaipeleka London, na huko ndiko iliko. Mreno João de Barros naye alizipata habari za kitabu cha namna hiyo, akazitia katika kitabu chake kilichochapwa Lisbon mwaka 1552. Basi mtoto wa Kilwa akitaka kusoma maneno ya mtu wa Kilwa juu ya Kilwa, njia yake inapita London au inapita Ureno.

Niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha pili kazi ya kutafuta habari za Kilwa katika simu za wazazi wao. Walirudi na kurasa nyingi, karibu zote za Kiingereza, na nyingi ni kweli tupu. Sina ugomvi nazo. Lakini msichana mmoja aliniuliza, "Mwalimu, mbona bibi yangu hamo?" Bibi yake amezaliwa Kisiwani na kuolewa Kisiwani. Anajua kisima kipi maji yake yalikuwa matamu na mwaka gani yaligeuka chumvi. Anajua majina ya mapito ya bahari kati ya Kisiwani na Songo Mnara ambayo hayamo katika ramani yo yote niliyopata kuiona. Nikamwambia, "Hamo kwa sababu hakuna aliyemtia."

Ndugu zangu, hilo ndilo lililonileta hapa. Babu zetu walilimishwa pamba kwa nguvu huko Matumbi, wakaiona inapakiwa, ikarudi kanga ya kununua. Siku hizi tunajua vizuri ubaya wa kuuza malighafi na kununua kitu kilichokwisha tengenezwa. Gesi ya Songo Songo imekuwa ikiendesha mitambo ya umeme Dar es Salaam tangu mwaka 2004, na watu wa wilaya hii wamejua kuuliza: na sisi tunapata nini? Lakini habari hatuulizi. Tunapiga picha, tunasema, tunaandika, tunauliza maswali usiku kucha, na yote hayo yanakwenda katika mashine za ng'ambo, huko yanapangwa na kuuzwa kwa wenye matangazo, kisha sisi tunanunua kifurushi kwa fedha yetu ili tukayatazame.

Na sasa imekuja mitambo ya kujibu maswali, wengine wanaiita akili bandia, wengine akili unde. Vijana wananiambia inajua kila kitu. Mtambo huu umesomeshwa yale yaliyoandikwa na watu, na mengi yaliyoandikwa si ya kwetu wala si kwa lugha yetu. Lisiloandikwa kwake halipo. Mwanafunzi mmoja aliniletea insha juu ya uvuvi wa Kilwa, Kiswahili chake kimenyooka, hapana kosa hata moja, na ndani yake hapakuwa na samaki hata mmoja kwa jina lake. Kulikuwa na "rasilimali za bahari". Nikamrudishia, nikamwambia kaandike pamoja na baba yako. Siku ya tatu akaleta karatasi mbili zenye makosa kumi na matatu ya herufi. Ndani mna changu, mna tasi, mna jodari, na mna maelezo ya kutega dema ambayo mimi niliyesoma chuo nilikuwa siyajui. Hiyo nikaipa alama za juu, nikaibandika ukutani. Mtambo ule ule aliuotumia mara ya kwanza baadaye ulimsaidia kusahihisha herufi zake, na hapo sikuona ubaya wo wote. Kwanza alikuwa na kitu cha kusema.

Msidhani ugonjwa wa kuamini mtambo kuliko watu umeanza na watoto. Wakubwa wamekwisha uugua, tena wakubwa wenye dola. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilileta ujumbe wa John Wakefield kutazama kama karanga zingeweza kulimwa Tanganyika kwa wingi, maana baada ya vita Waingereza walikuwa hawana mafuta ya kutosha. Ujumbe ulitumia wiki tisa, na sehemu kubwa ya nchi waliitazama kutoka hewani, ndani ya ndege. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, kisha Urambo na hapa kwetu kusini, Nachingwea. Yakaja matrekta, mengine yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Reli ikajengwa kutoka upande wa Lindi kwenda Nachingwea, reli ambayo baadaye iling'olewa. Bandari ya Mtwara ikachimbwa. Wataalamu walikuwa na hesabu za kila kitu. Lakini Kongwa ardhi ilipokauka ikawa ngumu kama saruji, karanga zikagoma kutoka, na mvua haikufuata karatasi. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa, na pauni milioni 36 zikaandikwa hasara. Wagogo walikuwa wakiijua mvua ya Kongwa kwa ukame wake na kwa njaa zake. Gharama ya kuwauliza ilikuwa kikombe cha chai.

Naona wazee wanatabasamu. Wasitabasamu mapema, maana jambo hili lina upande wa pili.

Mwaka 1905 habari ilitoka Ngarambe kwa Kinjikitile Ngwale, ikapanda Matumbi. Ilikwenda kwa kunong'onezwa, mtu kwa ndugu yake, ndugu kwa shemeji yake. Mwishoni mwa Julai watu wa Nandete wakang'oa pamba ya Mjerumani, na katika majuma machache vita vikaenea katika kusini yote ya nchi, kwa makabila ambayo hayakuwa na mfalme mmoja wala lugha moja. Hapakuwa na simu mikononi mwao, wala redio, wala gazeti kama hili. Hiyo ni kazi kubwa ya habari, na mimi nawafundisha watoto wajivunie. Lakini ndani ya habari hiyo ya umoja ilikuwamo nyingine, kwamba risasi zitageuka maji, na hii haikupata mtu wa kuipima mpaka ilipopimwa mbele ya bunduki. Mambo haya mawili yalisafiri katika nong'ono moja. Nani angeweza kuyatenganisha? Kinjikitile mwenyewe Wajerumani walikwisha mnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka ule ule, vita vikiwa ndiyo kwanza vinaanza.

Sasa niambieni, tumezijuaje habari hizi kwa maneno ya Wamatumbi wenyewe? Kwa miaka mingi zilizochapwa zilikuwa zaidi za maofisa wa Kijerumani na wamisionari. Ndipo mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, walitumwa vijijini kuwauliza wazee waliokumbuka vita. Bwana G.C.K. Gwassa alifanya kazi hiyo upande wetu huu, na mwaka ule ule akatoa pamoja na John Iliffe kijitabu cha kumbukumbu za Maji Maji. Mwaka uliofuata Ebrahim Hussein, mzaliwa wa pwani hii, akatoa tamthilia yake ya Kinjeketile. Vijana wale walikuwa na daftari, kalamu na maswali. Wangechelewa miaka kumi na mitano wangekuta makaburi.

Na mtambo mpya ukikutana na watu waliojipanga, je? Hilo nalo limekwisha onekana katika nchi yetu. Mwaka 1973 ilifanywa kampeni ya Mtu ni Afya. Redio Tanzania ilitoa vipindi, kimoja kila wiki kwa wiki kumi na mbili, na watu kiasi cha milioni mbili walikusanyika katika vikundi kusikiliza. Siri haikuwa redio peke yake. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa, na kitabu. Kipindi kikiisha hawakutawanyika. Walizungumza, wakauliza hapa kwetu mbu wanazaliwa wapi, choo cha nani kimejaa, kisha wakatoka na majembe. Mama mmoja wa Kivinje, ambaye sasa ni mkongwe, aliniambia kwamba redio ilikuwa ya jirani na jembe lilikuwa lake. Leo kila mmoja ana redio yake mfukoni, na televisheni, na maktaba ya dunia nzima, anasikiliza peke yake kwa waya masikioni. Kikundi hakipo, wala hapana wa kumwuliza, "Hili ulilolisikia, hapa kwetu lina maana gani?"

Nije sasa kwenye jambo ambalo lingetuua.

Mwanzoni mwa Mei 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza kwamba kimbunga kilichopewa jina Hidaya kinakuja pwani yetu. Ilitangaza mapema, ikarudia. Habari ilikuwa katika kila simu iliyokuwa na moto. Mimi nilikwenda diko kuzungumza na wavuvi, na nikasikia majibu ya namna tatu. Wa kwanza walivuta vyombo vyao juu bila maneno mengi. Wa pili walisema, "Hao hao mwaka 2019 walitutisha na kimbunga Kenneth, watu wa Mtwara wakahamishwa, kikaenda zake Msumbiji." Wa tatu, na hao walikuwa wengi, walisema, "Tufani ni mambo ya Msumbiji na Madagaska. Tangu dunia iumbwe haijafika huku."

Jibu la pili ni kosa la hesabu, na mimi mwalimu nawajibika kulifundisha. Utabiri hausemi "kitapiga mlango wako". Unasema hatari ipo kiasi hiki na njia inayotazamiwa ni hii. Kenneth aliinamia kusini kidogo, akaipiga Msumbiji vibaya sana, na aliyeko Mtwara alipaswa kushukuru, si kudai kwamba ametapeliwa. Mtoto anayefundishwa kusoma jedwali la mvua na ramani ya upepo hawezi kusema maneno yale.

Lakini jibu la tatu ndilo lililonikosesha usingizi, kwa kuwa si kweli, na ukweli wake ulikuwa kwetu sisi wenyewe. Mwezi wa Aprili mwaka 1952 tufani iliingia Lindi. Iliua watu zaidi ya thelathini. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka kumi siku ile, mwaka 2024 alikuwa na miaka themanini na miwili, na wengine wapo. Habari imo katika vitabu vya wataalamu wa hali ya hewa, tena kwa tarehe. Katika shule za pwani ya Lindi nilizopata kufundisha, na zimekuwa nne, sijaikuta katika somo lo lote. Wavuvi wale hawakuwa wapumbavu. Wanajua kusi na kaskazi, wanajua bamvua na maji mafu kuliko mimi. Walichokosa ni kumbukumbu ya miaka sabini na miwili tu, na wakaijaza nafasi yake kwa neno "haijapata kutokea".

Hidaya aliingia nchi kavu upande wa Mafia tarehe 4 Mei. Alikuwa amepungua nguvu, na hiyo ni rehema ya Mungu. Hata hivyo mafuriko yaliikata barabara kuu ya Dar es Salaam maeneo ya Somanga, mabasi na malori yakalala pande zote mbili, na sisi kusini tukawa kisiwa. Siku zile nilitumiwa picha ya mji umefunikwa na maji mpaka mapaa, imeandikwa chini yake "Kilwa leo". Minara ya msikiti iliyokuwamo haikuwa ya kwetu, na magari yalikuwa na usukani upande wa kushoto. Mtu aliyenitumia ni msomi. Kisha tarehe 12 Mei nyaya mbili zilizo chini ya bahari, za EASSy na Seacom, zikakatika, intaneti ikalegea nchi nzima. Katika mwezi mmoja tulikatwa juu na chini. Nesi mmoja wa hapa alisema kwamba siku zile alirudia daftari lake la zamani lenye namba za simu zilizoandikwa kwa mkono, na ndilo lililomfaa.

Kwa hiyo mimi sikubaliani na wale wanaotaka tuwanyang'anye watoto simu na kuishia hapo. Mtoto huyo huyo mtamwajiri wapi? Wala sikubaliani na kijana anayetaka tuchange fedha zote tununue kompyuta ishirini, tuzifungie katika chumba, fundi asijulikane ni nani na umeme nani ataulipa. Nimeona chumba cha namna hiyo, mahali ambapo sitapataja. Kompyuta zimefunikwa vitambaa vizuri vya kufuma, kama sebule ya bibi harusi, na ufunguo anao mtu aliyehamishwa.

Nililolifikiri ni dogo na halina fedha nyingi. Kwanza, taarifa ya hali ya hewa isomwe diko kila asubuhi, kwa sauti, na mwanafunzi wa kidato cha tatu au cha nne, kwa zamu, kutoka katika simu ya mwenyekiti wa wavuvi. Baada ya kuisoma amwulize nahodha mmoja, "Wewe unaonaje?" Nahodha akisema mawingu ya umande leo yamekaa vingine, mwanafunzi aliandike hilo pia, na tarehe yake. Baada ya mwaka tutakuwa na daftari lenye safu mbili, ya mtambo na ya nahodha, na tutajua wapi wanapatana na wapi mmoja anamshinda mwenzake. Mimi sijui daftari kama hilo mahali pengine katika pwani hii. Mamlaka wenyewe nadhani wangelipenda.

Pili, kumbukumbu za wazee. Simu hizi zinazolaaniwa zinarekodi sauti, tena vizuri kuliko mashine walizokuwa nazo wasomi wa mwaka 1968. Wanafunzi waende na maswali yaliyoandikwa, waombe ruhusa, wamwache mzee aseme kwa Kimwera chake, au Kimatumbi, au Kimachinga, au Kiswahili cha Mgao. Nakala ziwe tatu: moja shuleni, moja hapa tawini, moja kwa jamaa za mzee. Ya kuweka mtandaoni tutayaamua sisi pamoja nao, maana kuna ya watu wote na kuna ya nyumbani. Yatakayowekwa yawekwe kwa Kiswahili na yabebe jina la msemaji kama ameridhia.

Najua mtauliza, je, mitihani? Watoto wana mitihani ya taifa na mwalimu anawatembeza kwa wazee. Nimelipima hilo. Wale kumi na wawili walioanza nami mwaka uliopita hawakushuka katika Kiswahili wala katika jiografia; wanane walipanda. Ni wachache, sitoi ahadi kwa wote.

Katibu ana daftari hapa mezani. Anayemjua mzee aliyeiona tufani ya mwaka 1952, awe Lindi, Mchinga, Kiswere au Kilwa, aandike jina la mzee, kijiji, na lugha anayoipenda kusemea. Wanafunzi wanaanza Jumamosi. Wa Masoko na Kivinje watakwenda kwa miguu na kwa bodaboda. Nauli ya mashua ya kwenda Kisiwani na Songo Mnara bado haijapatikana.